Kwa nini Fade to Black tuliusamehe lakini Nothing Else Matters hatuusamehe?

Shabiki wa 84
Wakuu, habari za humu. Kuna jambo linanikera muda mrefu, leo nalitoa.

Mwaka 1984 Metallica, bendi ya hevi metali ya Marekani, walitoa albamu ya Ride the Lightning, na ndani yake wakaweka Fade to Black, wimbo wao wa kwanza wa taratibu. Watu walichachamaa. Bendi inayosifika kwa kasi na kelele inaanzaje wimbo na gitaa kavu, lisilo la umeme? Neno "wamejiuza" lilianza kusikika pale, siyo 1991 kama wengi mnavyodhani. Lakini leo nani anausema vibaya Fade to Black? Ukiugusa tu unashambuliwa na walewale waliolalamika.

Sasa njoo kwenye Nothing Else Matters, wimbo wao mwingine wa taratibu. Albamu yake, Metallica, tunayoiita albamu nyeusi, ilitoka Agosti 1991, zaidi ya miaka 30 imepita, na bado kuna watu wakiusikia wanatoka chumbani. Wengine wanasema ndio wimbo bora kuliko yote waliyowahi kutunga.

Msimamo wangu: ni wimbo mzuri, ila haukupaswa kuwa wa Metallica. Karibuni, hoja zijibiwe kwa hoja.

Chuma Cha Pua
Naweka kambi hapa. Povu litatoka leo.

Nyuzi Sita
Mleta uzi umeuliza swali zuri halafu ukatoa jibu jepesi. Tofauti ya hizo nyimbo mbili iko kwenye muundo.

Fade to Black unaanza polepole, gitaa kavu chini, solo fupi juu yake. Beti inaisha, gitaa za umeme zinaangusha rifu nzito (kipande cha gitaa kinachorudiwarudiwa), halafu zinarudi nyuma. Kuanzia katikati mwendo unabadilika kabisa, wimbo unakaza, na unamalizika kwa solo ndefu ya Kirk, mpiga gitaa la solo wao, inayofifia ikiwa bado ina moto. Welcome Home (Sanitarium) wa 1986 ni hivyohivyo. One wa 1988 ndio kabisa, unaanza kama mtu anayenong'ona na unaisha na ngoma za miguu zinazopigwa kama risasi. Shabiki wa kelele alivumilia dakika tatu za upole kwa sababu alijua atalipwa.

Nothing Else Matters haulipi. Ni mapigo ya 6/8 kuanzia mwanzo hadi mwisho, mwendo uleule. Wanaouchukia wanasubiri kitu ambacho hakiji.

Binti Solo
Nyuzi Sita naomba kutofautiana kidogo. Haulipi vipi? Ile sehemu ya solo karibu na mwisho ni nzito, ngoma za Lars zinafunguka, gitaa lina uchafu wa kutosha. Watu wanaongea kana kwamba wimbo mzima ni bembelezo la mtoto.

Nyuzi Sita
Dada, nimesema mwendo, sijasema uzito. Unaongezeka uzito, hauongezeki kasi. Halafu baada ya ile solo unarudi palepale ulipoanzia. Kwa mtu aliyezoea Sanitarium hiyo ni hasara.

Mzee wa Kanda
Salaam vijana. Niwape ushahidi wa aliyekuwepo.

Sisi tulitoka kwenye ...And Justice for All ya 1988. Albamu ile ni ngumu, kavu, besi haisikiki, na wimbo uliobeba jina la albamu unakaribia dakika 10. Tuliipenda kwa sababu ilikuwa ngumu. Ukiielewa unajiona umefuzu kitu. Kisha inakuja hii nyeusi. Nimeweka kanda, Enter Sandman sawa, Sad but True nzito mpaka spika inatetema, nikasema jamaa bado wapo. Nikageuza upande wa pili. Through the Never imekwenda kasi, nikakaa vizuri kitini. Imekwisha, ukimya kidogo, halafu zile noti nne: tin, tin, tin, tin.

Nilidhani aliyenirekodia amechanganya kanda. Nikatoa, nikasoma karatasi, nikarudisha. Ni wao.

Kwa hiyo dogo ukiniuliza kwa nini siusamehi, ni mahali walipouweka. Baada ya Through the Never! Wangeuweka mwisho wa albamu pengine ningeshapoa zamani.

Rifu Nzito
Mzee wa Kanda umegusa kitu ambacho watu hawakioni. Metallica walikuwa na kanuni isiyoandikwa: wimbo wa taratibu unakaa namba 4. Ride the Lightning, namba 4 ni Fade to Black. Master of Puppets, namba 4 ni Sanitarium. Justice, namba 4 ni One. Shabiki alijua ratiba. Nyeusi namba 4 ni The Unforgiven, watu wakasema haya, tumemaliza ya mwaka huu. Kufika namba 8 wanaletewa mwingine! Na huu wa pili ndio laini zaidi.

The Unforgiven wenyewe waliugeuza makusudi, beti nzito na kiitikio laini, kinyume cha walivyozoea. Huo watu waliupokea. Kwa hiyo kubadilika siyo tatizo. Tatizo ni mara mbili kwenye albamu moja.

DogoAmpu
Wazee mnahesabu namba kama wahasibu 😂 Mimi nimezaliwa wimbo ukiwa mkubwa kuliko mimi. Solo ya Kirk kwenye NEM (Nothing Else Matters) ndiyo iliyonifanya nishike gitaa, na hakuna mtu atanitoa hapo.

Binti Solo
Dogo, ile solo siyo ya Kirk. Ni mwimbaji, James Hetfield mwenyewe. Kirk Hammett hajapiga hata noti moja kwenye rekodi ya studio ya wimbo ule. Na jukwaani pia solo ni ya James, angalia video yoyote ya tamasha lao.

DogoAmpu
Sawa, basi solo ya James ndiyo iliyonifanya nishike gitaa. Bado hakuna atakayenitoa.

Chuma Cha Pua
😂😂😂 Kahama chama bila kutoa jasho.

Besi Haisikiki
Sasa hiyo ya Kirk kutokuwepo ndiyo hoja yangu siku zote. Wimbo ambao mpiga solo wa bendi hayumo, mwimbaji kauandika peke yake kwa ajili ya mpenzi wake, violini zimepangwa na mtu wa nje. Huo ni wimbo wa bendi kweli? Ni wa Hetfield akisindikizwa. Naunga mkono mleta uzi.

Gumba na Vidole
Habari zenu. Mimi nafundisha gitaa, naomba nichangie kutoka upande wangu.

Kwanza historia. James hakuutunga kwa ajili ya Metallica. Alikuwa anaongea na simu na mpenzi wake, mkono mmoja umeshika simu, ule mwingine unachezacha nyuzi. Ndiyo maana mwanzo wa wimbo hauhitaji mkono wa kushoto hata kidogo. Gumba linapiga uzi wa sita, kidole cha shahada uzi wa tatu, cha kati uzi wa pili, cha pete uzi wa kwanza. Zote zikiwa wazi. Unapata E, G, B na E ya juu, yaani kodi ya E mainori bila kubonyeza chochote. Lars ndiye aliyeusikia na kuona unafaa kwa bendi.

Sasa matokeo yake ndiyo haya: kila mwanafunzi wangu, siku ya kwanza, anataka huo. Hajui kushika gitaa, hajui kulitunia, lakini anaweza zile noti nne kwa sababu mkono mmoja haufanyi kazi. Anazipiga wiki nzima. Akifika pale mkono wa kushoto unapotakiwa kuingia, anaachia njiani na kurudi mwanzo. Mimi ule wimbo nimeusikia mwanzo wake mara nyingi kuliko binadamu yeyote anavyostahili, na mwisho wake mara chache sana.

Sidhani kama watu wanauchukia wimbo. Wanachukia zile sekunde za mwanzo zilivyopigwa vibaya na kila mtu, kila mahali, kila duka la gitaa.

Mzee wa Kanda
Mwalimu hilo nakubali. Mpwa wangu alinimaliza nalo.

Prodyuza wa Chumbani
Naona mnazunguka bila kumtaja mhusika mkuu. Prodyuza wa albamu nyeusi, BOB ROCK. Albamu tatu kabla yake walikuwa na Flemming Rasmussen. Halafu wakamchukua mtu aliyetoka kutengeneza Dr. Feelgood ya Mötley Crüe. Mlitegemea nini? Aliwaingiza studio Los Angeles kuanzia Oktoba 1990 mpaka Juni 1991, akamfundisha Hetfield kuimba badala ya kubweka, bajeti ikafika dola milioni 1. Ukitumia pesa hizo lazima utoe wimbo wa redio.

Shabiki wa 84
Nakazia. Bila Bob Rock wimbo huu ungebaki kwenye kanda ya nyumbani kwa James.

Sauti ya Kwanza
Prodyuza, punguza speed. Nothing Else Matters ulikuwa singo ya tatu, yaani wimbo wa tatu wa albamu kutolewa peke yake. Wa kwanza ulikuwa Enter Sandman, wa pili The Unforgiven. NEM ulitoka kama singo Aprili 1992, albamu ikiwa tayari imekaa sokoni miezi minane na imeshaingia namba 1 Marekani. Kama lengo lilikuwa redio, mbona waliuchelewesha?

Na kwenye chati ya Billboard Hot 100 uliishia namba 34. Enter Sandman, wenye rifu na ngoma nzito, ulifika namba 16. Uingereza ndiko NEM ulikofanya vizuri, namba 6. Kwa hiyo Wamarekani wa wakati ule walinunua zaidi ule mzito. Nadharia ya "walijiuza kwa wimbo laini" haikai.

Prodyuza wa Chumbani
Usiangalie chati ya mwaka 1992 tu. Angalia leo. Video ya NEM imepita mara bilioni 1 YouTube, na ndiyo ya kwanza ya Metallica kufika huko. Albamu imeuza zaidi ya nakala milioni 16 Marekani peke yake. Unadhani zote zilinunuliwa na watu wenye nywele ndefu? Zilinunuliwa na watu waliokuja kwa ajili ya huo mmoja.

Sauti ya Kwanza
Hujathibitisha, umekisia. Ila kwa sauti kubwa.

Mama wa Wawili
Nimecheka hapo juu 😂 Jamani mimi ndiye hao "waliokuja kwa ajili ya huo mmoja". Nilikuwa sijui Metallica ni nani. Tulifungua nao dansi siku ya harusi yetu, mume wangu ndiye alichagua. Ndugu zake upande wa pili walikuwa wanajiandaa kukimbia waliposikia jina la bendi. Ulipoanza wakatulia. Baadaye nikasema ngoja nisikilize albamu nzima. Leo ninayopenda zaidi ni Of Wolf and Man, na mume wangu amebaki na uleule wa harusi.

Kwa hiyo mnapolalamika wageni wameletwa na wimbo laini, wengine tulikaa.

Rifu Nzito
Of Wolf and Man! Dada umepita mtihani. Karibu sana.

Besi Haisikiki
Mama wa Wawili hongera, ila umethibitisha hoja yetu. Wimbo wa kufungulia dansi harusini. Metallica. Wale waliotunga Creeping Death.

Kinyume Nyume
Besi Haisikiki, nikuulize. Black Sabbath 1972 walitoa Changes kwenye Vol. 4. Hakuna gitaa zito, hakuna hata ngoma, ni piano na Ozzy analia kuhusu kuachana. Sabbath hao, waliouanzisha muziki wenyewe. Judas Priest 1978 wakatoa Beyond the Realms of Death, unaanza taratibu kabisa. Scorpions ndio usiseme. Wimbo laini ni wa zamani kama hevi metali yenyewe. Nani aliwaambia ninyi wa threshi, metali ya kasi, kwamba mmeokoka na hayo?

Besi Haisikiki
Slayer.

Kinyume Nyume
😂 Sawa, Slayer nimekubali.

Shabiki wa 84
Kinyume Nyume, hizo ni bendi ambazo hazikuwa na kiapo. Metallica walijenga jina lao kwa kuwakejeli waliokuwa wanaimba mapenzi. Miaka ya 80 kila bendi ya nywele za kupuliziwa dawa ilikuwa na wimbo wa taratibu wa kuuzia albamu, Poison walifika namba 1 Marekani na Every Rose Has Its Thorn. Sisi tulikimbilia Metallica ili kukwepa hayo. Halafu wao wenyewe wanatuletea. Ni kama umemwalika mtu uwanja wa ngumi, akaja na maua.

Binti Solo
Kama ni kejeli basi haikuisha. Angalieni video ya NEM yenyewe, ile iliyokatwa kutoka kwenye picha za studio. Kuna mahali Lars anarusha vishale kwenye bango la Kip Winger. Yaani ndani ya video ya wimbo wao wa mapenzi, wanamlenga mtu wa bendi iliyokuwa inaimba nyimbo za mapenzi! Ujasiri wa hao watu siuelewi.

Chuma Cha Pua
Sijawahi kuona hiyo. Narudi kuangalia sasa hivi.

Chuma Cha Pua
Nimeona. Maskini Winger 😂

Kalamu Nyekundu
Niingie taratibu. Naona watu wanazungumzia kasi, namba ya wimbo, prodyuza, chati. Hakuna anayegusa maneno.

Nyimbo za taratibu za kabla ya 1991 zilikuwa na mhusika aliye mbali na sisi. Sanitarium ni mgonjwa aliyefungiwa hospitali ya akili. One ni askari aliyepoteza viungo vyote kwenye vita. Fade to Black ni mtu aliyekata tamaa kabisa ya kuishi, na nyuma yake kuna kipindi kigumu, Januari 1984 walikuwa wameibiwa vyombo Boston, pamoja na ampu ya James aliyoipenda. Huzuni, ndiyo, lakini ni huzuni ya giza, inaruhusiwa kwenye metali. Kijana anaweza kuiimba mbele ya wenzake.

Nothing Else Matters hauna mhusika. Ni James mwenyewe, nafsi ya kwanza, anamwambia mtu kwamba umbali si kitu. Hakuna kifo, hakuna vita. Kwa kijana wa 1991 aliyevaa fulana nyeusi, hilo ndilo gumu kulisikia. Nadhani chuki nyingi ni aibu tu. Unausikiliza peke yako usiku, asubuhi ukiwa na wenzako unasema wamejiuza.

Mzee wa Kanda
Kalamu Nyekundu unanisoma akili mjukuu wangu, lakini mimi sikuusikiliza hata usiku.

Nyuzi Sita
Mzee hapo sikuamini.

Rifu Nzito
Kalamu, hoja nzuri ila inaniacha njiani. Kama ni aibu ya kijana wa 1991, yule kijana sasa ana miaka 50 na zaidi, ana watoto. Aibu ya nini tena? Mbona bado anauruka akisikiliza albamu?

Kalamu Nyekundu
Mazoea ya kujitambulisha hayazeeki haraka. Muulize Mzee wa Kanda.

Ziara 92
Mnisamehe naingia pembeni kidogo. Mnausifu Fade to Black kama mtakatifu, kumbukeni ndio uliomuunguza James. Agosti 8, 1992, Montreal, ziara ya pamoja na Guns N' Roses. Wako katikati ya Fade to Black, fataki za jukwaani zikalipuka akiwa amesimama palepale, mkono wa kushoto ukaungua vibaya. Onyesho likakatishwa. Ziara ikaendelea James anaimba bila gitaa, akishikiwa nafasi na John Marshall. Kwa hiyo kama kuna wimbo laini ambao bendi ina haki ya kuuogopa, ni huo.

DogoAmpu
Loh. Hii sikuijua. Alikuwa anapiga na mkono wa kushoto au wa kulia?

Gumba na Vidole
Wa kushoto ndio unaobonyeza nyuzi kwenye shingo ya gitaa. Ndiyo maana hakuweza kupiga.

Ziara 92
Na mwaka huohuo Aprili 20, Wembley, kwenye tamasha la kumkumbuka Freddie Mercury, walipewa nafasi ya nyimbo tatu tu. Enter Sandman, Sad but True, na Nothing Else Matters. Mbele ya uwanja mzima na televisheni za dunia. Nyimbo tatu na wakachagua huo uwe mmojawapo. Wao wenyewe hawakuuonea haya, sisi ndio tumeubebea.

Violini Nne
Mimi ni wa upande wa tatu ambao hamjautaja. Nawalaumu kwa kutokuwa laini vya kutosha.

Orkestra ya kwenye rekodi ilipangwa na Michael Kamen. Sikilizeni kwa makini, mtaisikia kwa mbali sana, wameizika chini ya gitaa. Wakaogopa. Kuna toleo lililokaa upande wa B wa singo ya Sad but True, wanaliita Elevator Version: James, gitaa kavu na orkestra, basi. Hakuna ngoma, hakuna besi, hakuna gitaa la umeme. Pale ndipo utaelewa wimbo ulitaka kuwa nini. Hiki tunachobishania ni cha katikati, hakimridhishi wa kelele wala wa violini.

Prodyuza wa Chumbani
Orkestra ilianza kwenye S&M ya 1999. Albamu nyeusi ni kinanda kile.

Violini Nne
Hapana mkuu. Ni orkestra halisi, na kazi hiyo ndiyo iliyowakutanisha na Kamen. S&M ilikuja kutokana na hapo, Aprili 1999, Berkeley, na San Francisco Symphony, Kamen akiongoza. Umegeuza mtoto akawa mzazi.

Besi Haisikiki
Na kwa taarifa yenu huyo Kamen ni mmoja wa watunzi watatu wa (Everything I Do) I Do It for You wa Bryan Adams. Mwaka uleule, 1991. Nimemaliza.

Shabiki wa 84
😂😂 Usiniambie. Ushahidi umekamilika, mahakama iahirishwe.

Violini Nne
Na alishafanya kazi na Pink Floyd kwenye The Wall, hilo hamlitaji. Mtu anapanga violini kwa yeyote anayemwita.

Kinyume Nyume
Kuna mtu ameshasikiliza The Metallica Blacklist ya 2021? Wasanii 53 wanarudia nyimbo za albamu nyeusi. Kila msanii alichagua wimbo wake. Nothing Else Matters ulichaguliwa na 12. Miley Cyrus aliuimba na Elton John kwenye piano na Yo-Yo Ma kwenye selo. Chris Stapleton wa kantri akaufanya wake, Igor Levit akaupiga piano tupu. Kabla ya hapo Apocalyptica walishaupiga kwa selo tangu 1998.

Wimbo ukivuliwa gitaa zote ukabaki umesimama, ni wimbo. Jaribuni kumpa mpiga piano Battery.

Nyuzi Sita
Hiyo inaweza kusomwa kinyume pia. Unakaa vizuri kwa kila mtu kwa sababu hauna chochote cha Metallica ndani yake. Battery hauwezi kupigwa na mwingine kwa sababu ni wao.

Binti Solo
Nyuzi Sita hapo unajikanyaga. Rodrigo y Gabriela wanapiga Orion kwa magitaa makavu mawili na unatambua ni Metallica kuanzia sekunde ya kwanza. Uzito wa ampu siyo utambulisho wa mtunzi.

Nyuzi Sita
Orion ni wa Cliff, mpiga besi wao marehemu. Cliff Burton hana mfano. Angekuwa hai 1991 huu uzi usingekuwepo.

Sauti ya Kwanza
Nilikuwa nasubiri mtu amtaje Cliff, haikawii. Cliff huyohuyo ndiye aliyewafundisha wenzake harmonia na alikuwa anampenda Bach. Nani kawaambia angeukataa wimbo wenye orkestra? Huenda angekuwa wa kwanza kuomba violini zipandishwe sauti.

Violini Nne
Sauti ya Kwanza nakununulia soda.

Mzee wa Kanda
Marehemu asilazimishwe kupiga kura. Rudini kwenye mada.

Jukwaa la Tatu
Niliwahi kuwa ndani ya tamasha lao, nimesimama nyuma kabisa. Nilikuwa kundi la wanaouruka huo wimbo. Wakati wa Master of Puppets watu wanarukaruka, kila mtu na lake. Ulipoanza NEM, watu wote walisimama na kuimba kila neno, wanaume wenye ndevu hadi kifuani. Jamaa mmoja pembeni yangu amevaa fulana ya Kill 'Em All iliyochakaa, amefumba macho. Sikuimba. Ila sikwenda kununua maji kama nilivyopanga.

Chuma Cha Pua
Hiyo ni nusu kura. Msimamizi aandike.

Rifu Nzito
Jukwaa la Tatu, kuna wanaosema ndiyo maana hasa waliutunga, walichoka kupiga nyimbo za dakika 10 huku watu wakiwaangalia. Wimbo wa ...And Justice for All waliuweka kando miaka mingi baada ya ile ziara. Labda siyo pesa wala mapenzi, ni uchovu tu wa kupiga vitu vigumu.

Gumba na Vidole
Nyimbo rahisi hazikupumzishi kama unavyodhani. James jukwaani anaimba, anapiga kwa vidole, halafu solo yake mwenyewe. Jaribu.

Besi Haisikiki
Mwalimu acha kumtetea, wewe una maslahi, bila huo wimbo hupati wanafunzi.

Gumba na Vidole
Hilo ni kweli tupu 😂

Shabiki wa 84
Asanteni wote, nimesoma kila kitu. Naona hoja zimekuwa saba na hakuna mbili zinazopatana. Mimi bado niko palepale, mzuri ila si wao. Kalamu Nyekundu amenitikisa kidogo, sitasema zaidi.

DogoAmpu
Swali la nyongeza kabla hamjalala: Mama Said wa kwenye albamu yao ya Load, 1996, mnauweka wapi? Ule ni wa kantri kabisa, na mimi naupenda kuliko NEM.

Mzee wa Kanda
Mtu amtoe huyu mtoto.

Besi Haisikiki
Mama Said??? Wameshakata nywele na wewe unatuletea Mama Said?

Binti Solo
Jamani ni wimbo kuhusu mama yake mzazi, kuweni na utu.

Chuma Cha Pua
Dogo, fungua uzi wake. Nitahamisha kambi.